Swichi ya wiki ya sita na mabinti wetu wa mbio

Wadau, Septemba 2025 vijiwe vyote vya hapa Mnazi Mmoja vilikuwa na jina moja mdomoni: Alphonce Simbu. Jamaa alikwenda Tokyo, akakimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akampita Mjerumani Amanal Petros kwa kifua tu pale kwenye utepe, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Kwenye meza za magazeti watu walisoma vichwa vya habari kwa zamu, kama kawaida yetu, bila kununua.

Lakini kuna habari nyingine ya Tokyo ile ile ambayo ilipita kimya kimya. Kuanzia Septemba 1, 2025, kila mwanamke aliyetaka kushindana katika mashindano ya dunia alitakiwa kwanza apimwe ute wa shavuni au damu, atafutwe jeni moja inayoitwa SRY. Ikikutwa, mlango wa mbio za wanawake unafungwa, isipokuwa kwa wachache sana. Wanaume, Simbu akiwemo, hawakuulizwa chochote.

Ukiipeleka habari hii kijiweni jibu ni fupi: "Kama ana jeni ya kiume huyo ni dume, basi, mjadala umefungwa." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, kuanzia Lumumba mpaka Kariakoo Shimoni, na huwa linatolewa kwa uhakika wa mtu anayetaja bei ya nyanya. Tatizo ni kwamba historia ya jeni hiyo haikubali jibu fupi. Na waliolipa gharama ya jibu fupi, kwa sehemu kubwa, ni mabinti kutoka huku kwetu. Kwa hiyo leo naomba tukae tuifuatilie tangu mwanzo.

TUMBONI

Mimba ikiwa changa, ya wiki tano hivi, huwezi kutofautisha kijusi cha kike na cha kiume hata ukiwa na hadubini ya bei mbaya. Tezi za uzazi zipo, lakini bado hazijaamua kuwa korodani au ovari. Pembeni yake kuna jozi mbili za mirija. Jozi moja inaweza kuja kuwa mirija ya kupitishia mbegu za kiume, nyingine inaweza kuja kuwa mfuko wa uzazi. Kila mmoja wetu, wewe na mimi, na yule jamaa anayebishana kijiweni, alianza na zote mbili.

Kwamba kromosomu zinahusika ilijulikana mwaka 1905. Mmarekani Nettie Stevens alichunguza mbegu za wadudu wanaokula unga, akaona nusu ya mbegu za dume zina kromosomu moja ndogo na nusu nyingine zina kubwa mahali pake. Mwenzake Edmund Wilson aliona mambo ya aina hiyo mwaka huo huo. Ndipo tulipopata hizi herufi tulizokariri sekondari: XX kwa jike, XY kwa dume.

Kilichofuata kilitoka Paris miaka ya 1940. Alfred Jost alifanya upasuaji ambao hata leo ni mgumu: alifungua tumbo la sungura mwenye mimba, akatoa tezi za uzazi za kijusi kilichomo, akafunga, akasubiri. Vijusi vyote vilivyotolewa tezi mapema, viwe XX au XY, viliendelea kwa umbo la kike. Jost akafahamu kwamba korodani hufanya kazi mbili. Humwaga testosteroni inayojenga mirija ya kiume, na humwaga homoni nyingine inayoiyeyusha ile mirija ambayo ingekuwa mfuko wa uzazi.

Lakini nani anaiambia tezi iwe korodani? Mwaka 1959, kule Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong walieleza habari za mwanaume mwenye kromosomu XXY. Mwaka huo huo walielezwa wanawake wenye X moja tu. Hesabu ikawa wazi: idadi ya X haiamui, Y ndiyo inayoleta korodani. Ikabaki kuitafuta jeni yenyewe ndani ya Y, na kazi hiyo ilichukua miaka mingine 31.

Waliosaidia kuipata ni watu ambao kijiwe chetu kingesema hawapo: wanaume wenye XX. Ni wachache, lakini wapo, na wengi wao wamebeba kipande kidogo cha Y kilichohamia kwenye X wakati mbegu ya baba inatengenezwa. Watafiti wakawa wanapunguza kipande hicho, wanapunguza, mpaka Julai 1990 timu za London, wakiwemo Andrew Sinclair, Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, zikatangaza jeni waliyoiita SRY. Mwaka 1991 wakaipandikiza jeni ya namna hiyo kwenye panya wa XX, naye akakua na korodani na tabia zote za dume. Alikuwa mgumba, lakini dume.

Hapo ndipo dunia ilipodhani imepata jibu fupi. Swichi imepatikana!

SWICHI, WAYA NA BALBU

Sasa tuongee kifundi umeme kidogo. SRY ni swichi kweli. Katika panya huwashwa kwa siku mbili tatu tu, na kwa binadamu kazi yake huanza kwenye wiki ya sita hadi ya saba ya mimba. Kazi yake kubwa ni kuamsha jeni nyingine, SOX9, ambayo ndiyo msimamizi hasa wa ujenzi wa korodani. SOX9 haiko kwenye Y. Iko kwenye kromosomu namba 17, ambayo wanawake na wanaume wote wanayo. Mwaka 2018 watafiti walikata kipande kidogo cha vinasaba vya panya, kipande ambacho si jeni bali ni kama kitufe cha mbali cha kuiwashia SOX9. Panya wale walikuwa XY na SRY yao ilikuwa nzima kabisa. Wakakua majike, wenye ovari.

Kwa hiyo unaweza kubonyeza swichi ukutani, lakini kama waya umekatika njiani, balbu haiwaki. Watu wa Dar tunalielewa hili kuliko yeyote.

Na upande wa pili pia una mafundi wake. Zamani vitabu vilielezea kuwa jike ni kile kinachotokea pale ambapo hakuna kilichotokea, kama vile ovari hujijenga zenyewe kwa kukosa kazi. Mbuzi wakatusahihisha. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Ulaya walijua kitambo kwamba ukizalisha dume asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, baadhi ya majike wanazaliwa huntha, wengine wana korodani kabisa. Kuanzia mwaka 2001 chanzo kikaonekana: kipande cha vinasaba kimepotea, na kinapopotea kinaizima jeni ya FOXL2 inayolinda ovari. Ni mbuzi wa XX, hawana Y wala SRY, na bado wanapata korodani. Mwaka 2009 watafiti waliizima FOXL2 kwa panya jike mtu mzima, na seli za ovari zake zikaanza kugeuka kufanana na za korodani. Kumbe ovari inalindwa maisha yote.

Kuna hatua moja zaidi, nayo ndiyo itakayotupeleka uwanjani. Testosteroni ikishamwagwa, seli za mwili zinatakiwa ziisikie. Kipokezi chake hutengenezwa na jeni iliyoko kwenye kromosomu X, ile ambayo mwanaume hupewa na mama yake. Kipokezi hicho kikiwa kibovu kabisa, mtoto wa XY anakuwa na korodani zilizojificha tumboni, testosteroni tele kwenye damu, na mwili ambao hausikii hata tone. Anazaliwa msichana, anakua msichana, anaota matiti, na mara nyingi wazazi hushtuka tu anapofika miaka 16 au 17 bila kupata hedhi. Wengine hukosa kimeng'enya cha kuigeuza testosteroni kuwa aina yenye nguvu zaidi inayojenga maumbile ya nje ya kiume. Hao wanaweza kuzaliwa na maumbile yanayoonekana ya kike, mkunga akaandika "mtoto wa kike", na balehe ikaja na mambo mengine.

Watu wote niliowataja hapa, isipokuwa mbuzi, ukiwapima SRY baadhi watakuwa nayo na baadhi hawana, na jibu halitakwambia nani ana mwili wa aina gani.

UWANJANI

Wakubwa wa riadha walianza kuwakagua wanawake kabla hata jeni haijapatikana. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya ya Budapest, wanariadha wa kike walipita uchi mbele ya jopo la madaktari. Mwaka 1967 wakahamia kwenye kromosomu, na wa kwanza kuanguka alikuwa Ewa Kłobukowska wa Polandi, aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1964. Kuanzia Mexico City mwaka 1968, kukwangua ute wa shavuni na kutafuta alama ya X ya pili kukawa sharti la Olimpiki. Aliyefaulu alipewa cheti. Fikiria, cheti cha kuwa mwanamke.

Mwaka 1985 mruka viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alikwenda kwenye michezo ya vyuo vikuu Kobe, Japani, akasahau cheti chake nyumbani. Akapimwa upya. Majibu: XY. Yeye ni wale ambao mwili hausikii testosteroni hata tone, maana yake homoni hiyo ilimsaidia kidogo kuliko ilivyomsaidia mwanamke wa kawaida aliyekuwa anashindana naye. Habari zikavuja. Akapoteza nafasi yake, ufadhili, matokeo yake yakafutwa, mchumba akaondoka. Alipigana mpaka mwaka 1988 akaruhusiwa kurudi, lakini miaka ya kukimbia hairudi.

SRY ilipopatikana, Kamati ya Olimpiki ikaichukua haraka. Kufikia mwaka 1992 ikawa ndicho kipimo. Matokeo ya Atlanta mwaka 1996 yanafaa kukumbukwa: walipimwa wanawake 3,387, nane wakakutwa na SRY. Saba kati yao mwili wao ulikuwa hausikii testosteroni, ama kabisa ama kwa sehemu. Wote nane wakaruhusiwa kushindana. Hakukutwa hata mwanaume mmoja aliyejificha. Mwaka 1999 wakaamua kuachana nacho, na Sydney 2000 ikapita bila kipimo hicho.

Tungeweza kuishia hapo.

KWETU

Mwaka 2009 kule Berlin, binti wa Afrika Kusini mwenye miaka 18, Caster Semenya, alishinda mita 800 kwa dakika 1:55.45, akimwacha Mkenya Janeth Jepkosgei kwa zaidi ya sekunde mbili. Kabla hata hajavaa medali dunia nzima ilikuwa inajadili nguo zake za ndani. Mwaka 2011 zikaja kanuni mpya: hawapimi jeni, wanapima testosteroni, kikomo nanomoli 10 kwa lita.

Na hapa anaingia Annet Negesa wa Uganda. Mwaka 2011 alichukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye michezo ya Afrika, Maputo. Mei 2012, akiwa na miaka 20, akakimbia mita 800 kwa 1:59.08 huko Hengelo, Uholanzi, rekodi ya taifa lake. Wiki chache kabla ya Olimpiki ya London akaambiwa hatakwenda, testosteroni yake imezidi. Mwishoni mwa mwaka huo akafanyiwa upasuaji Kampala. Mwaka 2019 alisema hadharani, kupitia televisheni ya ARD ya Ujerumani, kwamba alidhani anakwenda kupata kitu chepesi kama sindano, akazinduka na makovu tumboni. Korodani zake za ndani zilikuwa zimeondolewa. Shirikisho la kimataifa lilikanusha kuhusika na upasuaji huo. Mwili ulimuuma kwa muda mrefu, kasi haikurudi, na baadaye akapata hifadhi ya ukimbizi Ujerumani.

Usidhani ni kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya wanariadha wanne wa umri wa miaka 18 hadi 21, hawakuwataja majina, wote kutoka maeneo ya vijijini au milimani katika nchi zinazoendelea. Wote walitolewa korodani za ndani na kukatwa sehemu ya kinembe. Taarifa hiyo yenyewe inakiri kwamba kuziacha korodani hizo hakukuwa na hatari kwa afya. Isome tena sentensi hiyo. Mtu anatoka kijijini, hajawahi kuugua, anakwenda Ulaya kukimbia, anarudi amekatwa.

Rio 2016 jukwaa la mita 800 lilikuwa la Afrika tupu: Semenya 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi 1:56.49, Margaret Wambui wa Kenya 1:56.89. Tulipaswa kupiga vigelegele. Miaka mitatu baadaye, Mei 2019, kanuni nyingine ikaanza kazi: nanomoli 5, kwa mbio za mita 400 mpaka maili moja tu. Wote watatu wakatoka kwenye mita 800. Wambui alibaki bila mbio. Niyonsaba, ambaye alishasema wazi kwamba maumbile yake ndivyo yalivyo na hakuyachagua, alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb. Machi 2023 kikomo kikashushwa hadi 2.5 na kuhusishwa na mbio zote. Njia hiyo nayo ikafungwa. Halafu 2025, tukarudishwa kwenye SRY.

TUSEME HAKI

Wanaotunga kanuni hizi wana hoja, na si vizuri kuipita pembeni. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ni ya David Rudisha wa Kenya, 1:40.91, London 2012. Ya wanawake ni 1:53.28, tangu mwaka 1983. Tofauti ni zaidi ya sekunde 12, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na testosteroni ya balehe. Wanawake wengi wana chini ya nanomoli 2 kwa lita, wanaume huanzia kama 7.7. Bila kuwatenganisha, hakuna mwanamke angefika fainali. Binti anayeshika nafasi ya nne Rio naye ana machozi yake, na sina haki ya kumwambia anyamaze.

Lakini angalia namba hizo hizo upande mwingine. Mbio bora kabisa za Semenya, Paris mwaka 2018, ni 1:54.25. Hajawahi kuifikia rekodi ya wanawake ya mwaka 1983, na Rudisha angemsubiri kwenye utepe zaidi ya sekunde 13. Kwa hiyo swali la haki uwanjani ni swali la kweli na gumu: mwili huu ulipata nini, kiasi gani, na uliweza kukitumia vipi? SRY haijibu hata kimoja kati ya hivyo. Kanuni ya 2025 yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana imewaachia nafasi wenye hali kama ya María. Na Agosti 2025 Andrew Sinclair, yule yule aliyeongoza ugunduzi wa 1990, aliandika hadharani kwamba jeni yake haifai kutumiwa hivi, kwa sababu inaonyesha tu kwamba jeni ipo, haionyeshi kilichofuata. Julai 10, 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ilisema Semenya hakupata usikilizwaji wa haki nchini Uswisi. Haikufuta kanuni, ila ilisema hakusikilizwa ipasavyo. Baada ya miaka 16!

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wazee wa pwani walishakuwa na neno. Huntha. Liko kwenye Kiswahili, tumelipata kwenye Kiarabu, na ukimuuliza sheikh anayefundisha mirathi atakwambia wanazuoni walishaandika zamani huntha arithi kwa fungu lipi, na huntha ambaye hali yake haijabainika afanyiweje. Unaweza kutokubaliana na mafungu yao, lakini walianza kwa kukubali kwamba mtu huyo yupo, ana baba, ana haki yake kwenye mali, na hesabu lazima imhusishe. Kenya imefika huko kiserikali: sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,524 wa aina hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto wao kwa haki zao.

Sisi wa kalamu tuna la kujiuliza. Kila anapotokea binti mwenye mabega mapana na sauti nzito, awe wa mpira au wa mbio, neno "jike dume" linaandikwa kwa herufi kubwa, picha yake inakuzwa, na kesho yake mtaa mzima una maoni juu ya mwili wa mtoto wa watu. Negesa alikuwa na miaka 20. Hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa ni waya upi katika mwili wake ulipita tofauti, na kwamba haukuwa ugonjwa.

Kwa vyovyote vile, mabinti wa Tanzania nao wanatakiwa kupimwa wakifika ngazi hiyo, wa Mbulu, wa Singida, wa Arusha. Siku mmoja wao akiambiwa ana SRY, atakuwa amekaa na daktari gani, akitafsiriwa na nani, na karatasi ya kusaini itakuwa kwa lugha gani? Hilo ndilo swali ningependa viongozi wetu wa riadha walijibu kabla jina halijapatikana, maana jina likishapatikana sote tunajua kitakachoandikwa ukurasa wa mbele.